Karo ya mwenyeji ng'ambo ya mpaka: kisa cha binti wa Minnesota na chuo cha Kanada

Binti ana miaka 18, kazaliwa Minneapolis, pasipoti yake ni ya Marekani. Wazazi wake walihama kutoka Nyamira na sasa wanaishi Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba unga wa ugali haukosi dukani. Mama ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Baba anaendesha lori. Nyuma ya binti kuna watoto wengine wawili. Mapato ya wazazi kwa pamoja, yale yanayoandikwa kwenye fomu ya kodi baada ya makato yanayoruhusiwa, ni dola 94,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo ni jasho la ovataimu. Nimeunganisha hapa familia zaidi ya moja zilizopita njia hiyo hiyo, ili asitambulike mtu.

Binti anataka kusoma mikrobaiolojia, mama anataka asome uuguzi. Walilokubaliana bila ubishi ni kwamba Kanada ni nafuu, kwa hiyo wakaanza kuuliza kila mtu: chuo kipi cha Kanada kina karo ya chini? Swali hilo liliwala miezi mingi, kwa sababu chuo cha Kanada hakina bei moja. Kuna bei ya mwenyeji wa jimbo, pengine bei ya Mkanada wa jimbo jingine, halafu bei ya mgeni. Mmarekani ni mgeni. Ujirani haumpi punguzo lolote juu ya yule aliyetoka Lagos au Shanghai. Laiti wangeanza kwa kuuliza hivi: kwa makaratasi tuliyo nayo na anwani tunayoishi, sisi tunatozwa bei ipi, na wapi?

Chuo cha kwanza kwenye orodha kilikuwa University of Toronto, kwa kuwa mjomba anaishi upande huo na jina la chuo hicho linajulikana hadi kijijini. Karo ya mgeni katika masomo ya sanaa na sayansi huko inapita dola 60,000 za Kanada kwa mwaka. Baba alifikiri amesoma vibaya. Hakusoma vibaya. Mwaka 2019 serikali ya Ontario ilipunguza karo ya wenyeji kwa asilimia 10 kisha ikaigandisha, na vyuo vikaziba pengo kwa wanafunzi wa kutoka nje, ambao karo yao haikuwekewa kikomo cha aina hiyo. Mgeni anayekwenda Ontario kutafuta unafuu anakwenda mahali ambapo yeye ndiye anayewalipia wengine.

Cha pili kilikuwa Memorial University ya Newfoundland. Hiki kimekaa kwenye kila orodha ya "vyuo nafuu" ambayo watu hutumiana kwa simu, na kwa miaka mingi kilistahili: mgeni alilipa zaidi kidogo ya dola 11,000 za Kanada. Lakini kuanzia vuli ya 2022 wanafunzi wapya wa kigeni walianza kutozwa karibu 20,000. Orodha hazikurekebishwa, zinaendelea kuzunguka kama kawaida. Halafu St. John's, mji kilipo chuo hicho, iko mbali na Minneapolis kiasi kwamba nauli peke yake ingefuta sehemu ya unafuu uliobaki. Kikaondolewa.

Jambo lililogeuza kisa hiki halikutoka kwenye orodha yoyote. Jimbo la Minnesota lina mikataba ya karo na majirani zake. Mwalimu mshauri yeyote wa sekondari anaifahamu ile ya Wisconsin, North Dakota na South Dakota, na huitaja kila mwaka. Ila kuna mkataba mwingine ambao hutajwa mwishoni, au hautajwi kabisa: ule kati ya Minnesota na Manitoba, jimbo la Kanada linalopakana nayo kaskazini. Kwa mkataba huo mkazi wa Minnesota anayesoma shahada ya kwanza katika chuo kama University of Manitoba hatozwi karo ya mgeni, anatozwa ya Mkanada. Na kijana wa Manitoba akivuka kuja Minnesota anahesabiwa vivyo hivyo.

Tofauti yake ni kubwa. Karo ya Mkanada katika kitivo cha sayansi huko Winnipeg, mji kilipo chuo hicho, ni kama dola 6,000 za Kanada kwa mwaka, ukiongeza michango ya chuo useme 7,000. Karo ya mgeni ni mara tatu ya hiyo au zaidi. Chuo chenyewe si cha vichochoroni: kilianzishwa mwaka 1877, ndicho kikongwe kuliko vyote vya magharibi mwa Kanada, na kina idara kamili ya mikrobaiolojia. Binti huyuhuyu angekuwa anaishi Iowa au Texas, kwa alama zilezile na pasipoti ileile, Winnipeg isingekuwa na maana yoyote kwake. Kilichompa nafuu ni anwani ya Brooklyn Park.

Hapo baba alitaka kulipa siku hiyo hiyo. Afadhali mama alikuwa ametoka shifti, yumo kwenye mudi ya kuuliza maswali. Aliuliza, na alikuwa sahihi: kama jimbo letu lina mkataba na Kanada, je, hapa nyumbani kwetu kuna nini?

Kuna kitu kikubwa. Tangu vuli ya 2024 Minnesota ina mpango uitwao North Star Promise. Familia yenye mapato chini ya dola 80,000 kwenye fomu ya kodi, mtoto wao anasoma chuo cha umma cha jimbo bila kulipa karo wala michango. Mpango unafidia kinachobaki baada ya misaada mingine. Kwa familia ya namna hiyo mjadala wa Kanada ungeishia hapo hapo. Kibali, mpaka, dola za aina mbili, vyote vya nini wakati karo nyumbani ni sifuri? Nawaambia watu hili kabla ya kutamka neno Manitoba, na wengine hawapendi kulisikia maana walishaanza kuota theluji ya kwao wenyewe.

Lakini 94,000 si 80,000. Na mapato yanayoangaliwa ni ya miaka miwili nyuma: anayeomba kwa mwaka wa masomo wa 2026–27 anaulizwa kodi ya 2024. Mwaka huo baba alikubali safari zote alizopewa, mama naye akafanya wikendi mbili mbili, ili watengeneze akiba ya chuo. Ovataimu ile ile iliyokusudiwa kulipa karo ndiyo iliyowatoa kwenye karo ya bure. Sioni sheria ingeandikwa vipi bila kuwa na mstari mahali fulani, ila mstari ukikukata wewe huwa unauma.

Basi wakakaa mezani na daftari. Nimeliona, mwandiko ni wa baba, herufi kubwa tupu, na kwenye ukurasa wa kushoto ameandika MINNEAPOLIS, wa kulia WINNIPEG. Kushoto: karo na michango ya University of Minnesota kwa mkazi, kama dola 18,000 za Marekani. Binti akilala nyumbani, ongeza vitabu, basi na chakula cha mchana, 4,000. Jumla 22,000. Akikaa hosteli jumla inapanda hadi 33,000 au 34,000. Kulia: karo na michango 7,000 za Kanada, bima ya afya kama 1,000, chumba na chakula 13,000, vitabu na safari 2,000. Jumla 23,000 za Kanada. Kwa kubadilisha dola moja ya Marekani kwa 1.38 za Kanada, inakuwa chini kidogo ya 17,000 za Marekani.

Kwa hiyo akiishi Winnipeg kwenye chumba chake mwenyewe gharama inapungua kwa dola 5,000 hivi kuliko akilala kitandani pake Brooklyn Park. Katikati ya kurasa hizo baba alibana kwa penseli University of North Dakota ya Grand Forks, ambako mwana-Minnesota analipa juu kidogo tu ya mwenyeji. Jumla yake ilitoka karibu na ile ya kulala nyumbani. Ni chuo ambacho familia nyingi zingefanya vizuri kukitazama kabla ya kuvuka mpaka, maana misaada yote ya serikali ya Marekani inafanya kazi huko.

Kanada misaada hiyo haifanyi kazi yote, na hapa ndipo wengi hunaswa. Vyuo vingi vikuu vya Kanada vimo kwenye orodha ya FAFSA, ile fomu ya kuombea misaada ya masomo ya serikali ya Marekani, kila kimoja na namba yake, kwa hiyo mkopo wa serikali ya Marekani unawafuata wanafunzi hadi huko. Mtoto anayetegemea wazazi anaweza kukopa hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza. Ile ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, haivuki mpaka. Mzazi naye anaweza kukopa kwa jina lake, lakini kwa sheria iliyopitishwa 2025 mkopo huo, kuanzia Julai 2026, una kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto kwa jumla. Kwa bajeti ya Winnipeg kikomo hicho hakigusi mtu, kwa ya Toronto kinagusa mapema.

Halafu kuna masharti mawili yaliyojificha. La kwanza, mkopo huo haupendi masomo ya mtandaoni katika vyuo vya nje. Mwanafunzi akijiandikisha kwenye somo la mtandaoni kwa sababu tu linampa nafasi ya kulala asubuhi, anaweza kujikuta mkopo wake umesitishwa. Ofisi ya mikopo ya chuo iulizwe kabla ya kila usajili. La pili ndilo lililozua mabishano jikoni.

"Mama, mkopo wa Marekani hawautoi kwa uuguzi huko Kanada."

"Hawautoi vipi? Uuguzi ndiyo kazi yenyewe."

"Wanatoa kwa sayansi. Uuguzi wa vyuo vya nje una sheria zake, vyuo vya Kanada vimeandika wazi kwamba hautolewi."

"Na mtihani?"

Mtihani ni ule ule. Tangu 2015 wauguzi wa Kanada nje ya Quebec hufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi, huo huo anaofanya muuguzi wa Minnesota, kwa hiyo shahada ya uuguzi ya Kanada haina ubaya kwa anayetaka kurudi. Shida ni pesa za kuisomea na nafasi zenyewe, ambazo vyuo hupenda kuwapa watu wa jimbo. Nilimwambia mama hivi: kama ni uuguzi, abaki hapa, tena aanzie chuo cha jamii cha miaka miwili ambako karo ni ndogo zaidi na wauguzi wanatafutwa kama maji. Kama ni mikrobaiolojia, Winnipeg ina hoja. Kuchagua chuo kabla ya kumaliza ubishi wa kozi ni kulipa nauli kabla ya kujua unakokwenda. Mama alinuna siku kadhaa. Siwezi kusema alikubali, ila aliacha kupinga.

Kikwazo halisi cha familia hii hakikuwa karo. Kilikuwa mpakani. Mmarekani hahitaji viza kuingia Kanada, ila kusoma zaidi ya miezi sita kunahitaji kibali cha masomo, na Kanada inataka kuziona pesa. Kiwango cha kuishi kwa mwanafunzi asiye na mtegemezi kilikuwa dola 10,000 za Kanada kwa miaka mingi. Januari 2024 kikapandishwa hadi 20,635, na kuanzia Septemba 2025 ni 22,895. Hiyo ni mbali na karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Kwa binti wetu, weka karibu 30,000 za Kanada, yaani kama 21,700 za Marekani, zionekane kwa karatasi kabla hajahudhuria somo hata moja. Bajeti ya mwaka mzima inaweza kuwa 17,000, lakini mlangoni wanakudai uthibitisho wa zaidi ya hapo.

Familia ilikuwa na 9,000 benki. Mkopo wa FAFSA, ukiwa na barua yake, unahesabika. Zilizobaki zingetoka kwenye chama cha kuchangiana kwa zamu. Na chama, jamani, tunakijua sisi. Ofisa wa uhamiaji akiona akaunti iliyokuwa na dola 9,000 ikaamka siku moja na 16,000, anaona pesa za kukopwa za kuonyesha tu. Ushauri niliowapa ni kuomba zamu yao ya chama iletwe mbele, pesa ziingie miezi kadhaa kabla, na katibu wa chama aandike barua fupi yenye tarehe za michango na saini, pamoja na nakala ya daftari. Harambee ya kanisani ni vivyo hivyo: kila mchango mkubwa uwe na barua ya kusema ni zawadi, haurudishwi. Ni kazi ya karatasi ya kuchosha, ila bila karatasi hizo desturi yetu nzuri ya kuchangiana inaonekana kama udanganyifu mbele ya mtu asiyeijua.

Kuna pia barua ya uthibitisho ya jimbo. Kanada iliweka kikomo cha vibali vya masomo Januari 2024, na kila jimbo likapewa mgao wake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anahitaji barua ya jimbo kuonyesha kwamba yumo ndani ya mgao. Barua huombwa kupitia chuo baada ya kukubali nafasi. Raia wa Marekani ana ruhusa ya kuomba kibali pale pale mpakani, na kwa safari ya gari kutoka Minneapolis mpaka huo ni Pembina upande wa North Dakota, Emerson upande wa Manitoba, kama saa sita za barabara. Ruhusa hiyo inawapumbaza watu. Wanabeba magodoro na sufuria, wanafika mwisho wa Agosti, kumbe hawana barua ya jimbo, na ofisa anawageuza. Sheria kuruhusu si sababu ya kungoja. Aombe kupitia mtandao mapema, mpakani aende kuchukua tu.

Mengine ni madogo lakini yana uzito wake. Manitoba iliwaondoa wanafunzi wa kigeni kwenye bima ya afya ya jimbo mwaka 2018, ndiyo maana bajeti ina mstari wa bima. Mkataba wa karo hauugusi mstari huo. Kazi nje ya chuo inaruhusiwa saa 24 kwa wiki wakati wa masomo tangu Novemba 2024, na mwanafunzi wa Kenya-Minnesota hawezi kuambiwa kuhusu kazi za wikendi, kazaliwa akiziona. Baridi? Winnipeg ni baridi kuliko Minneapolis. Anayetoka Minneapolis analifahamu hilo na atanunua koti jingine. Upande wa kodi, wazazi bado wanaweza kudai nafuu ya hadi dola 2,500 kwa mwaka kwenye kodi ya Marekani kwa chuo kilichomo kwenye orodha ya mikopo, na akaunti za 529, zile za akiba ya masomo, zinatumika huko pia, mradi risiti zitunzwe, kwani chuo cha nje hakilazimiki kutuma ile fomu ya 1098-T ya kuonyesha karo iliyolipwa, ambayo vyuo vya hapa hutuma vyenyewe.

Shahada ya miaka mitatu iliwavutia baba na binti kwa pamoja, kwa kuwa University of Manitoba inaitoa na inapunguza robo ya gharama. Mimi naikataa kwa mtu anayetaka maabara au shahada ya pili Marekani, ambako wengi wataitazama kwa shaka. Achukue ya miaka minne.

Na kaka yake? Yeye alizaliwa Kenya na ana grinikadi, anauliza kama anaweza kumfuata mdogo wake. Kuomba kibali mpakani anaweza kama raia, na mkopo wa FAFSA anaupata. Ila yeye anahesabu siku za kuomba uraia. Kukaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo kunaweza kuvuruga ukaazi wake unaohitajika, na katika miaka mitano lazima awe ndani ya nchi angalau miezi 30. Shahada ya miaka minne Winnipeg ingempa unafuu wa dola elfu kadhaa na kumchelewesha pasipoti. Nilimwambia aape uraia kwanza.

Kwa binti, uamuzi uliofikiwa ni huu. Ameomba University of Manitoba, sayansi, na University of North Dakota kama ya akiba. Kabla ya kulipa pesa ya kushikilia nafasi Winnipeg, ameiandikia ofisi ya usajili kuuliza mambo matatu: kwamba karo ya mkataba wa Minnesota inahusu kozi yake hasa, ni ushahidi gani wa ukazi wanaoutaka, na kama kiwango hicho kitaendelea akibadilisha kozi. Majibu ya simu hayatoshi. Mama anataka yawe kwa barua pepe, yachapishwe, yawekwe kwenye faili moja na taarifa za benki na barua ya chama. Wakijibu vinginevyo kwa kozi yake, anakwenda Grand Forks, na fomu ya FAFSA tayari ina namba za vyuo vyote viwili.